Ndege ya Alhamisi

Jumapili, 5 Oktoba

Siku ya tano baharini. Hali ya hewa shwari. Tumekula mara nne na bado kengele ya chai haijalia.

Miaka thelathini na minne niliandika kitabu cha lifti: tarehe, hitilafu, matengenezo, sahihi. Nilistaafu Machi, lakini mkono bado unataka kuandika. Basi naandika haya. Hakuna mkaguzi.

Meli hii ina lifti sita. Nimezipanda zote. Ile ya upande wa jikoni inatetemeka ikifika ghorofa ya tatu — reli haijanyooka. Nikamwambia baharia mmoja mwenye sare nyeupe. Akatabasamu, akanipa juisi. Mke wangu akasema tumekuja kupumzika, Fundi, hatukuja kukagua. Akiniita Fundi ujue kuna jambo. Siku za amani naitwa Mzee.

Safari ni zawadi ya watoto kwa kustaafu kwangu. Wiki nzima kwenye meli ya kitalii, chumba chenye dirisha la duara, na kila jioni taulo limekunjwa kuwa bata juu ya kitanda. Bata wale siwagusi. Najikausha kwa fulana. Mtu kakaa kakunja, mimi nije nimharibie kazi!

Leo mchana mama anayetuhudumia mezani alituuliza tuna watoto wangapi. Tukajibu kwa pamoja. Mke wangu: watatu. Mimi: wawili.

Yule mama akacheka. Alidhani ni utani wa watu waliozeeka pamoja. Mke wangu hakucheka. Aliukata mkate wake vipande vidogo vidogo mpaka ukawa makombo, kisha hakuula.

Wawili ni mkubwa, anayefanya kazi benki, na wa pili, mwalimu wa chekechea. Wa tatu simwandiki humu.


Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya mwisho melini. Kufunga mizigo. Tulikuja na mabegi mawili, tunarudi na manne. Mke wangu anasema ni vitu vidogovidogo tu. Nimebeba kimoja, nikahisi kiuno.

Ubishi wa leo: namna ya kurudi nyumbani. Kuja tulikuja na basi, saa kumi na sita. Mimi nataka basi tena. Yeye ameshakata tiketi za ndege. Ndege ya ndani, daraja la kawaida, saa moja na nusu tumefika. Alikata lini? Kabla hata hatujaondoka nyumbani! Na sikuambiwa.

Sijawahi kupanda ndege. Nilimweleza taratibu, kama ninavyomweleza mwanafunzi wa ufundi. Lifti inaning'inia kwenye kamba sita za chuma. Mbili zinatosha kuibeba. Nne zilizobaki ni za kutuliza moyo. Je, ndege inaning'inia wapi?

Akasema kwa Mungu.

Nikasema basi hiyo ni kamba moja.

Akacheka mpaka akakaa kitandani juu ya bata. Nikafurahi. Tangu juzi mezani hakuwa amecheka.


Jumatano, 8 Oktoba

Tumeshuka saa mbili asubuhi. Nchi kavu inayumba kuliko bahari. Nilisimama nimeshika nguzo ya taa kama mlevi.

Jambo la ajabu. Tumepita ofisi ya shirika la ndege kuthibitisha tiketi. Karani akatuambia leo saa nane kuna ndege, ina nafasi tele, akatuuliza kama tunataka atubadilishie, hakuna gharama. Nikasema ndiyo. Mke wangu akasema hapana. Kesho. Karani akamtazama, mimi nikamtazama. Alhamisi, akasema, kama mtu anayesoma kalenda.

Mbona? Eti miguu yake ipumzike. Miguu ya wiki nzima ya kukaa!

Tumelala kwenye nyumba ya wageni ya karibu. Taulo moja, halijakunjwa kitu. Nimejikausha kwa raha.

Mchana alikuwa kwenye korido na simu, anaongea chini chini. Aliponiona akasema ni mkubwa, anauliza atupokee saa ngapi. Sawa. Ila kwa saa ngapi tu hapana haja ya kuufunika mdomo kwa mkono.


Alhamisi, 9 Oktoba. Uwanja wa ndege

Mizigo imezidi uzito. Kwenye lifti kengele inalia, wa mwisho kuingia anashuka, yamekwisha. Hapa msichana wa kaunta anakutazama tu. Tukafungua mabegi sakafuni mbele ya watu wote. Nguo za ndani nje! Mwisho ikaamuliwa — sikuamua mimi — kwamba nivae makoti mawili, la mvua juu ya lile la suti. Mifukoni nina sabuni nne za meli na viatu vya mjukuu. Nimejaa kama gunia.

Ndege imechelewa. Walisema nusu saa, kisha saa nzima, kisha wakaacha kusema. Viti vya kusubiria vina vyuma katikati ili mtu asilale. Mtu aliyebuni kiti kile hana mgongo.

Mke wangu hatulii. Ameenda chooni mara tatu. Amejipaka wanja, ameufuta, amejipaka tena. Nikamwambia usiogope, mimi ndiye sijawahi kupanda. Akanitazama kwa huruma, akanirekebishia kola. Zote mbili.

Wanaita.


Siku hiyohiyo. Angani

Tuko juu. Niandike kwa utaratibu, kama ilivyotokea.

Walituita kwa safu. Sisi ishirini na moja, tukaambiwa tupande kwa ngazi ya nyuma. Mvua ya rasharasha. Mbele alikuwa mzee mwenye fimbo, kisha mke wangu, kisha mimi, macho kwenye ngazi nisiteleze. Nikamsikia mhudumu mlangoni. "Shikamoo. Karibu baba," kwa yule wa fimbo. Kisha, "Karibu ma—" na sauti ikakatika. Mke wangu akamshika mkono, akapita ndani. Nikainua macho.

Wa tatu wangu, binti yangu.

Sare ya bluu. Nywele amezibana nyuma. Amekonda, au ni hiyo sare. Alinitazama muda ule mlango wa lifti unaochukua kufunguka, sekunde mbili na nusu. Kisha akasema, "Shikamoo. Karibu baba. Ishirini na moja, mkono wa kulia."

"Marahaba."

Lilitoka lenyewe. Shikamoo haikusubiri ufikiri. Ndilo neno langu la kwanza kwake kwa miaka miwili na miezi minane.

Sasa lazima nimwandike.

Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, uhandisi wa mitambo. Mimi fundi, yeye awe mhandisi, ndivyo nilivyokwisha kuwaambia watu wote wa karakana. Siku moja akaja nyumbani na barua. Ameacha chuo, amechukuliwa kufundishwa uhudumu wa ndege, na hakuwa ameniuliza. Nilisema mengi. Nilisema sikukusomesha ukawapitishie watu chai. Nilisema mtumishi. Dada yake alikuwa akilia jikoni. Yeye hakulia, na hilo ndilo lililonipandisha zaidi. Nikamwambia kuanzia leo usiniite baba.

Akasema sawa.

Hakusema "sawa baba." Sawa tu. Akachukua begi. Na tangu siku ile hakuniita — si kwa simu, si kwa salamu za watu. Katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kunitii hivyo.

Na leo kaniita. Lakini humu ndani kila mwenye mvi ni baba! Wa fimbo, baba. Wa safu ya kumi na tisa mwenye kofia, baba. Kazi inamtaka aseme. Langu lilikuwa lipi, la kazi au la nyumbani? Sina wa kumuuliza.

Kiti changu ni cha ujiani. Mke wangu katikati. Dirishani yupo mtu aliyelala kabla hatujafunga mikanda. Magoti yanagusa kiti cha mbele. Makoti mawili, joto, jasho linatiririka mgongoni. Binti akaja. "Naomba nikuwekee koti moja juu?" Nikalivua kwa taabu, kiwiko kikamgonga mke wangu. Sabuni moja ikaanguka. Akainama, akaiokota, akairudisha mfukoni mwa koti na kulikunja. Hakucheka. Kona ya mdomo ilitaka.

Kisha huyu bwana wa kiti cha mbele yangu. Tai, simu mbili, begi kubwa miguuni. Binti akamwomba aliweke juu. Akasema lipo sawa hapohapo. Akaombwa tena. Akasema bila kumtazama, "Wewe kazi yako ni chai. Nenda kalete chai."

Nilisimama. Au nilitaka kusimama, mkanda ukanirudisha. Mke wangu akaniwekea mkono pajani, akasema kaa. Nikakaa. Masikio yalikuwa yanawaka. Maneno yale nayajua. Nilikuwa nayo mimi, nyumbani kwangu, na sikuyasema kwa upole zaidi ya huyu bwana.

Binti hakupandisha sauti. Akasema, "Ndege haitaondoka begi likiwa hapo. Nasubiri." Akasimama, mikono nyuma. Akasubiri kweli. Watu wakaanza kugeuka. Bwana akajifanya anasoma simu. Mwisho akanyanyuka na begi lake, akalipandisha mwenyewe. "Asante sana," binti akamwambia, na alimaanisha.

Halafu mlango. Hapa niandike vizuri.

Mlango wa nyuma uko safu tatu kutoka kwangu. Niligeuza shingo. Binti aliuvuta, akaufunga, akashusha mkono wa chuma. Akakitazama kidirisha cha alama. Akakigusa kwa kidole. Akasema kwa sauti, peke yake, umefungwa. Kisha akatazama tena.

Tazama, gusa, sema. Nimewafundisha watu hivyo miaka thelathini na minne. Watu wanadhani ajali za lifti ni kamba. Si kamba, ni mlango. Zamani, yeye akiwa na miaka minane, shule zimefungwa, mama yake kazini, ikabidi nimchukue kwenye jengo la ghorofa kumi na mbili. Alikaa juu ya sanduku la spana kutwa nzima, ananitazama nikijaribu milango, mmoja mmoja. Sikumfundisha. Nilidhani anachezea nati.

Ndege ikaondoka. Sikuogopa. Sikuwa na nafasi.

Tulipotulia juu nikamgeukia mke wangu.

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba yumo."

"Yumo kila Alhamisi," akasema. "Jumatano anapumzika."

Kumbe! Miaka ishirini na miwili mke wangu amekaa mapokezi ya kliniki ya meno, anawapangia miadi watu wasiotaka kuja. Nikamwambia, umenipangia miadi. Akasema ndiyo. Akasema, wewe ni yule mgonjwa anayesema jino haliumi na shavu limevimba mpaka jichoni.

Nikamuuliza tangu lini wanaongea. Akasema hawajawahi kuacha. Kila Jumamosi. Nikasema Jumamosi unakwenda sokoni. Akasema, "Saa tatu nzima, Fundi? Nanunua soko lote?"

Na yeye binti, alijua tunakuja? Hapana. Mke wangu hakumwambia. Aliogopa angebadilisha zamu. "Mmefanana," akasema, akageukia dirisha, ingawa dirisha limezibwa na yule anayelala.

Toroli la vinywaji likafika. Chai, kahawa au maji? Mke wangu akaomba chai. Macho ya binti yakaja kwangu, yakasimama kwenye kitufe cha shati langu.

"Maji," nikasema.

Nilitaka chai. Nilitaka chai sana. Mdomo uliliogopa neno lenyewe.

Akanipa maji na pakiti ya biskuti. Mke wangu alipata pakiti moja. Nilipotazama vizuri, zangu mbili. Labda zilishikana tu.

Wanasema tufunge mikanda, tunashuka. Nitamwambia mlangoni. Nimepanga sentensi tatu. Ya kwanza fupi.


Siku hiyohiyo. Ukumbi wa mizigo

Sikusema.

Tulipanga foleni kuelekea mlango wa nyuma. Mke wangu mbele yangu. Alipofika wakashikana mikono yote miwili, wakanong'onezana kitu, mke wangu akashuka. Mimi nikafika. Sentensi tatu zilikuwa tayari. Nyuma yangu mtu akanisukuma na begi. Binti akasema, "Angalia ngazi, zina maji." Nikasema asante. Kama abiria! Nikashuka. Ngazi kumi na tano, nimezihesabu, na kwenye kila moja ningeweza kugeuka.

Hitilafu: fundi.

Mke wangu hakunisema. Hilo baya zaidi. Alitembea mbele mpaka huku, akasimama kwenye mkanda wa mizigo. Mabegi yote manne yamefika, moja zipu imekatika. Nimeyapanga hapa kwenye benchi. Abiria wengine wameondoka. Bwana wa tai ameondoka. Mkanda unazunguka mtupu.

Mkubwa amepiga simu mara mbili, yuko nje na gari. Mama yake amemwambia asubiri. Nikamuuliza, na sisi tunasubiri nini? Akanionyesha mlango wa kijivu kwenye kona. Akasema zamu ya mtoto inaishia hapa, na wafanyakazi wa ndege wote wanatokea pale.

Nikasema twende, tutampigia simu tukifika nyumbani. Akasema, "Hutampigia." Si kwa hasira. Kama anasoma miadi.

Mlango ukafunguka. Rubani, na kofia mkononi. Mfupi kuliko nilivyodhani. Ukafungwa.

Mke wangu akasimama ghafla. Eti haja imembana. Nikamwambia ulikwenda sasa hivi. Akasema imembana tena, na mtu wa umri wake haulizwi. Akaniachia mabegi yote manne na mkoba wake juu. Nimemwona amepita choo, hakuingia. Ametoka nje kabisa.

Sasa siwezi kuondoka hata nikitaka. Kuyabeba yote peke yangu siwezi, na kuyaacha siwezi. Naandika ili macho yawe na pa kukaa.

Mlango tena. Wahudumu wawili wanacheka. Si yeye.

Mtu wa usafi ananiambia niinue miguu apitishe ufagio. Nimeinua. Ameshapita. Nimesahau kuishusha.

Mlango.

Yeye. Anavuta begi dogo la magurudumu. Amebadilisha viatu, amevaa ndala, ameshika vya visigino mkononi. Anatazama simu. Ameinua kichwa.

Ameniona. Amesimama. Mita kumi na mbili, labda kumi na tatu. Anamtafuta mama yake kwa macho. Hayupo. Anayatazama mabegi. Ananitazama mimi, na daftari hili, na makoti.

Nimenyanyuka. Kalamu iko mkononi, naandika nimesimama. Sentensi ya kwanza siikumbuki. Ya pili na ya tatu pia.

Amegeuka. Anakwenda upande wa pili. Anatembea haraka, ndala zinapiga sakafu. Basi. Ni haki yake.

Hapana — amesimama kwenye matoroli. Anavuta moja, limenasa kwa lenzake. Anaweka mguu, anavuta tena. Limetoka. Gurudumu la mbele bovu, linapiga kelele ukumbi mzima. Ameweka begi lake juu, na vile viatu. Bado nafasi ya manne.

Analisukuma huku.